Je, mmea unaonasa wadudu una dhambi?



Ijumaa iliyopita, baada ya ibada kule Ghala, familia zetu za Mawaleh tulikutana kama kawaida nyumbani kwa mmoja wetu kwa chakula cha mchana. Wakubwa tulikuwa tunasubiri wali, watoto wakiwa sebuleni na kitabu cha sayansi cha shule. Walikuwa wamefungua ukurasa wenye picha ya jani jembamba lililojaa vinywele vyekundu. Kwenye ncha ya kila kinywele palikuwa na tone linalong'aa kama umande wa asubuhi, na katikati ya matone hayo nzi mdogo alikuwa amenasa. Binti wa miaka tisa akauliza, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni: "Sasa huu mmea una dhambi?"

Tulicheka. Baba mmoja akamjibu kwamba mmea hauna roho, kwa hiyo hauna dhambi. Mtoto hakuridhika. "Lakini umemdanganya nzi," akasema. "Umejipamba ili aje."

Wali ukaletwa, mazungumzo yakahamia kwingine. Lakini wiki nzima swali lile limekuwa nasi, kwa sababu siku hizo hizo dada yetu mmoja alikuwa na ujumbe kwenye simu yake ambao hakuwa amejua aujibu vipi. Ujumbe huo tutaufikia. Kwanza tumtendee haki mtoto, tuuangalie mmea wenyewe.

Mmea wa pichani huitwa na wataalamu drosera, jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya umande. Usidhani ni kiumbe cha nchi za mbali. Aina moja yake hukua kwetu, kwenye sehemu zenye majimaji za nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na pia Uganda, karibu na ziwa Nabugabo upande wa Masaka. Huenda baadhi yetu tuliukanyaga utotoni tukichunga ng'ombe au kuchota maji, tusiujue, maana ni mmea mdogo. Tone lake halina umande wowote. Ni ulimbo, kama ule ambao watoto wa pwani hutengeneza kwa utomvu wa mfenesi ili kunasa ndege. Mdudu anatua, mguu unashika. Anapojivuta ajinasue, anagusa matone mengine. Vinywele vya jirani vinaanza kuinama polepole kumwelekea, ule ute unaziba matundu anayopumulia, na akishakufa mmea unamyeyusha na kumfyonza. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliuchunguza mmea huu kwa miaka mingi na mwaka 1875 akatoa kitabu kizima kuhusu mimea inayokula wadudu. Aliulisha vipande vya nyama, ute wa yai, hata vipande vya kioo, akaona kwamba unatofautisha chakula na kisicho chakula.

Wa pili ni utrikularia, ambao hukaa kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga ya Afrika Mashariki. Juu ya maji unaona ua dogo tu, mara nyingi la njano. Chini ya maji kuna vifuko vidogo vyenye mlango. Mmea hutoa maji ndani ya kifuko mpaka kuta zake zinabonyea. Kijidudu kikigusa vinywele vya mlangoni, mlango unafunguka, maji yanaingia kwa nguvu pamoja na kijidudu, na mlango unajifunga. Yote hayo huchukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Wa tatu ni nepenthesi. Majirani zetu wa Bahari ya Hindi wanao, Madagaska na Shelisheli. Mfaransa Étienne de Flacourt aliueleza ule wa Madagaska katika kitabu chake cha mwaka 1658. Ncha ya jani lake huning'inia kama mtungi wenye kifuniko, na mara nyingi mtungi huo una rangi za kuvutia. Mdomoni mwake hutoka utomvu mtamu. Mdudu anaufuata utamu hadi ukingoni, anateleza, anatumbukia kwenye maji yaliyo chini, na hatoki.

Wahenga wetu wangeutazama mtungi huo na kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tofauti ni kwamba mkakasi humvunja mtu moyo tu. Mtungi huu unaua.

Kwa nini mimea hii iishi hivyo? Jibu ni la kusikitisha kidogo. Hukua mahali ambapo udongo ni maskini. Kwenye vinamasi, mchanga uliosafishwa na mvua na miamba mitupu, naitrojeni na fosforasi ambazo kila mmea unazihitaji ni haba mno. Mahindi yakipandwa pale yatakuwa ya njano na kufa. Drosera imebaki hai kwa sababu kile ambacho ardhi imeinyima inakipata kwa mdudu.

Basi turudi kwa mtoto. Je, una dhambi? Yule baba alikuwa na haki. Mmea haukukaa chini ukapanga. Haumjui nzi, haujui kifo, hauwezi kusema "leo nitamwacha huyu apite." Lugha yetu ina tabia ya kuisingizia mimea. Kuna ule unaokunja majani ukiguswa, nasi tunauita kifauongo, kana kwamba umekusudia kutulaghai. Lakini uongo unahitaji mtu anayeujua ukweli na kuchagua kuuficha. Drosera haina ukweli wa kuuficha. Inang'aa kwa sababu ndivyo ilivyo, na sisi tunaweza kuutazama uzuri wake bila kuona haya na kumshukuru aliyeuumba.

Ila mtoto naye alikuwa na haki, kwa sababu nyuma ya swali lake kuna lingine. Kama mmea hauna lawama kwa kuwa umetoka kwenye udongo maskini, je, mtu aliyetoka kwenye udongo maskini naye hana lawama akinasa wenzake? Wengi wetu tunamfahamu mtu wa namna hiyo. Ni yule mama wa kijijini au kijana wa mjini anayepita nyumba kwa nyumba akitafuta wasichana wa kupeleka Ghuba. Anaahidi kazi nyepesi na mshahara mnono, na kwa kila kichwa analipwa. Naye ana watoto wa kusomesha. Naye alizaliwa kwenye udongo ule ule wetu.

Tumelijadili hili, na hatukukubaliana haraka. Baadhi yetu walisema njaa haina macho, tusimhukumu. Wengine walikumbusha kwamba waliponaswa wao, hakuna aliyeuliza njaa yao. Mwishoni tulifika hapa: umaskini unaeleza kwa nini mtu ametega, lakini haumwondolei lawama, kwa sababu mtu, tofauti na mmea, anaijua sura ya atakayenaswa. Na tena, hata hii mimea haimli kila anayeikaribia. Ua la drosera husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, mbali na ulimbo wa majani. Mdudu anayeleta chavua hutua juu, anakula, anaondoka salama. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu mmea mwingine wa jamii hii unaoota North Carolina, ule wenye majani yanayojifunga kama taya. Waligundua kwamba wadudu wanaohudumia maua yake hawakuonekana kabisa au walionekana mara chache sana ndani ya mitego yake. Ikiwa mmea usio na akili una mahali pa mgeni kutua na kuondoka salama, mtu mwenye akili hawezi kudai kwamba alikosa njia nyingine.

Hadi hapo tulikuwa tunamsema wakala. Ni rahisi kumsema, hayupo chumbani. Kilichotukata ulimi ni habari ya sisimizi.

Mtungi wa nepenthesi una ukingo ambao huwa na utelezi ukiwa umelowa tu, kwa mvua au kwa umande. Jua likiukausha, mdudu anaweza kutembea juu yake, akala utomvu, akaenda zake. Kwa macho ya haraka ni kasoro. Mtego gani huo unaofanya kazi nusu ya siku? Ulrike Bauer wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzake walilichunguza jambo hilo kwenye misitu ya Brunei, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Baadhi ya mitungi waliidondoshea maji mfululizo ili ukingo usikauke kamwe. Mingine waliiacha ikauke na kulowa kwa kawaida yake. Ile iliyokuwa ikikauka ndiyo iliyonasa sisimizi wengi zaidi. Sababu ni kwamba sisimizi wa kwanza huja peke yake kupeleleza. Akikuta ukingo mkavu anakula utamu, anarudi kwao salama, na anawaita wenzake. Wanakuja kwa msururu. Ukingo ukilowa, wanatumbukia kundi zima.

Wapendwa, soma tena taratibu. Mtego unafanikiwa kwa sababu wa kwanza alirudi salama.

Je, huyo sisimizi alisema uongo? Hapana. Utomvu upo, ni mtamu, aliuonja kweli, naye hakudhurika. Kila neno la habari yake ni kweli. Na kwa ukweli huo huo nduguze waliangamia.

Sasa ule ujumbe. Dada yetu ana mpwa, binti wa dada yake, aliyemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani Muheza. Aliandika hivi: "Shikamoo mama mdogo. Nimeona picha zako za Mutrah, umependeza sana. Kuna wakala amesema anaweza kunipeleka huko Omani, nauli bure, viza nitaingilia ya utalii kisha nitabadilishiwa nikifika. Mama amesema ukikubali wewe, na yeye amekubali."

Picha zile tunazikumbuka, maana tulikuwa wote. Ilikuwa sikukuu, tumevaa vizuri, tumesimama kwenye kornishi ya Mutrah, bahari nyuma yetu. Picha hazikudanganya. Bahari ilikuwa ile ile na furaha ilikuwa ya kweli. Lakini dada yetu huyo, katika nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi, alikaa miezi mingi bila siku ya mapumziko, paspoti yake ikiwa imefungiwa kabatini na mwajiri, simu akipewa usiku kwa dakika chache. Baadaye alipata nyumba nyingine, kwa mama mmoja mzaliwa wa Unguja anayezungumza naye Kiswahili na kumlipa kila tarehe yake. Nyumbani Muheza hakuna anayejua habari ya ile nyumba ya kwanza. Walipokea fedha, walipokea picha, na likizoni walipokea mtu aliyenenepa kidogo mwenye masanduku mawili.

Yeye ndiye sisimizi aliyerudi salama. Na kusema kweli, sisi sote ndio.

Kwa nini tunanyamaza? Tuseme bila kujitetea sana. Tunanyamaza kwa huruma: mama akijua, hatalala, na presha yake tunaijua. Tunanyamaza kwa aibu: tulikopa ili tuje, tutasemaje kwamba tulikuja kulia chooni? Tunanyamaza pia kwa heshima tunayoipata. Huyu wa Ghuba akifika kijijini, kiti kinatolewa. Ni vigumu kukikalia kiti hicho na wakati huo huo kusimulia ulivyolala sakafuni.

Hatuamini kwamba kila kunyamaza ni dhambi. Kumfichia mama mzee jambo ambalo hawezi kulibadilisha na ambalo limekwisha kunaweza kuwa upendo. Mpaka tunauona hapa: ukimya unabadilika rangi mara tu mtu mwingine anapouliza njia. Mama alikuwa akiuliza habari ya mwanawe, na mpwa anauliza habari ya safari yake mwenyewe. Kwake, kile tusichokisema kinageuka kuwa tone kwenye ncha ya kinywele. Yule wakala hana rangi yoyote ya kumvutia binti wa Muheza. Rangi anaiazima kwetu. Anaonyesha picha zetu.

Sisimizi hana lawama, kwa sababu alipopita ukingo ulikuwa mkavu na hakujua kwamba hulowa. Sisi tunajua. Wengine wetu tumeuona ukiwa umelowa.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nasi tusilikimbilie. Mwaka 1874 gazeti moja la New York lilichapisha habari ya mti wa Madagaska unaokula watu, wenye mikono inayomzonga mwanamke na kumminya hadi kufa. Habari ilikuwa ya kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini ilisambaa na kurudiwa kwa miaka mingi. Watu hupenda mti unaokula watu kuliko jani dogo lenye ulimbo. Vivyo hivyo nyumbani zipo hadithi kwamba kila anayevuka kuja huku anamezwa. Si kweli, na kuzirudia ni kuwakosea wengi. Mawaleh hii hii wako wauguzi, madereva, walimu, wapishi na wafanyakazi wa ndani wanaolipwa kwa wakati na kuheshimiwa. Wako wazee wa Kiomani wanaotusalimia kwa Kiswahili safi cha Unguja tukiwa dukani, wakituuliza hali za nyumbani. Nchi hii ina sheria dhidi ya biashara ya binadamu tangu mwaka 2008. Anayesema Ghuba yote ni shimo naye amepaka rangi, ila yake ni nyeusi. Na binti wa Muheza akigundua kwamba tumemtisha kwa uongo, hatatusikiliza tena hata siku tukisema kweli.

Kwa hiyo dada yetu alikaa nasi Jumanne usiku, akarekodi sauti. Ilichukua majaribio matatu. Mara mbili za kwanza alilia, akafuta. Ya tatu ndiyo iliyokwenda. Alimwambia mpwa wake habari ya nyumba ya kwanza, miezi ile, paspoti, sakafu. Akamwambia na habari ya nyumba ya pili, na kwamba anamshukuru Mungu kwa kila riali aliyopeleka shuleni kwao. Akamwambia asikubali kabisa kuingia kwa viza ya utalii wakati anakuja kufanya kazi, kwa kuwa akifika hivyo hana mkataba wa kumlinda. Akamwambia auone mkataba kabla ya kupanda ndege, kwa lugha anayoielewa, wenye jina la mwajiri, mshahara na siku ya mapumziko. Amuulize wakala kama amesajiliwa, kisha asimwamini kwa jibu lake, bali ahakikishe mwenyewe kwa ofisi ya serikali inayohusika na huduma za ajira. Wenzetu wa Kenya wahakikishe kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Namba ya ubalozi ulioko Muscat aikariri, asiihifadhi kwenye simu tu, maana simu inaweza kuchukuliwa. Na mwisho akamwambia: "Ukiamua kuja kwa njia iliyo wazi, nitakupokea. Ukiamua kubaki, sitakuona mjinga."

Mpwa hajajibu. Alama za bluu zinaonyesha amesikiliza. Mama yake naye sasa anajua, na Alhamisi alipiga simu wakaongea na dada yetu kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Hatujui binti ataamua nini. Uamuzi ni wake, na safari hii ataufanya akiwa anaujua ukingo unavyokuwa ukikauka na unavyokuwa ukilowa.

Kwa mtoto wetu wa miaka tisa, tumeandaa jibu la Ijumaa hii. Mmea hauna dhambi, mwanetu. Umekuwa vile ulivyo kwa sababu ya ardhi uliyoota, na ni mzuri, uuangalie utakavyo. Dhambi inaweza kuwapo kwa yule aliyepita pale, akaujua mtego, kisha mwenzake alipomuuliza njia akamwonyesha matone peke yake.

Kila familia tunawaomba jambo moja wiki hii. Kabla ya kutuma picha inayofuata nyumbani, jiulizeni ni nani ataitazama akiwa anapanga safari. Picha itumeni, hakuna ubaya, furaha yetu nayo ni kweli. Kama yuko mtu wa namna hiyo, mpigieni na simu.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyote, nyumbani na ugenini.